Tumbo la Mama

Juzi hapa Jeddah, mtaani Bani Malik, nilimwona binti Mkenya akificha mikate ya moto chini ya baibui, ampelekee mwenzake aliyetoroka kwa bosi. Harufu ile ilinirudisha kwetu, utotoni mwangu.

Mama alikuwa akienda msituni na tumbo kubwa, akirudi hana. Nilidhani anazaa na kutupa.

"Leo ni pacha, mama?" askari wa mkoloni alimtania alasiri moja.

"Atamwacha msituni kama wale wengine," nikajibu mimi.

Askari akavuta shuka alilojifunga mama. Viazi vya wapiganaji waliojificha msituni vikamwagika, bado vinafuka mvuke. Mama akafungwa.

Uzeeni, alipodai malipo ya wapigania uhuru, alinipeleka niwe shahidi wake. Kwa aibu nikasema sikumbuki kitu.

Mama akamwambia karani taratibu, "Ni kweli. Alikuwa mtoto."