Marahaba Iliyofutwa

Kabla ya redio nilikuwa nimepitia kazi saba, na hakuna hata moja niliyodumu nayo mwaka. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini kila chenye waya kilinivuta, na redio ya mtu binafsi ilipofunguliwa Masasi nilikwenda kugonga mlango. Mkuu wa kituo akanipa majaribio: nichague programu ya kompyuta ya kusafisha sauti wakati wa matangazo ya moja kwa moja kutoka Newala. Nikifaulu, ananiajiri.

Tatizo lilikuwa upepo. Ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, huipiga maikrofoni kama mtu anayepura mtama.

Nilijaribu programu nne. Mbili zilichelewesha sauti. Mtangazaji alisikia neno lake likimrudia masikioni, akababaika. Ya tatu ilipunguza upepo kidogo tu. Ya nne iliufuta wote: kila sauti iliposhuka, ilifunga njia. Niliipima kwa sauti yangu, na mimi husema kwa kupaza kama kondakta wa basi. Nikaichagua papo hapo. Kukaa na jambo moja siku mbili kulinichosha.

Siku ya matangazo, mtangazaji wetu alikuwa Newala kwenye foleni ya maji, mimi Masasi kwenye kompyuta. Akamkuta shangazi yake, aliyemlea.

"Shikamoo, shangazi!"

Kimya. Kimya safi, bila hata upepo. Mtangazaji akaendelea kuuliza habari za maji kwa furaha, maana yeye pale alikuwa ameitikiwa. Shangazi aliitikia kwa sauti ya chini, kama wanavyoitikia wakubwa wa kule, na programu yangu ikaihesabu marahaba yake kuwa kelele.

Simu zikaanza. "Kwani binti kamkosea nini mama yule?" aliuliza msikilizaji wa kijiji cha Mnyambe. Mwingine akasema, "Kunyimwa marahaba mbele ya wilaya nzima!" Kipindi hakijaisha, ndugu walishamfuata shangazi kwenye foleni kusuluhisha ugomvi usiokuwepo.

Mkuu hakupaza sauti. "Nenda Newala ukamwombe radhi. Bila marahaba yake, usirudi hapa."

Nikaiweka ile programu ya tatu, upepo na uwepo. Kisha nikafungasha kila nilichokuwa nacho. Kutorudi nilikuzoea.

Shangazi nilimkuta barazani akibangua korosho na jirani zake.

"Shikamoo, shangazi."

Akaendelea kubangua.

"Ndiye huyu aliyenifunga mdomo," akawaambia jirani.

"Ni mimi, shangazi. Nilikosea kuchagua. Naomba radhi."

"Na begi lote hilo, unahamia wapi?"

"Bado sijajua."

Akaziweka korosho kando. Nikagundua kwamba, kwa mara ya kwanza, sikutaka kuhama.

"Hebu salimia tena. Safari hii nitapaza, nisije nikafutwa."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahabaaa!"

Kuku wakatawanyika, jirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaniletea maji, nusu kikombe. Niliyanywa yote, nikabeba begi langu, nikaenda kutafuta gari la Masasi.