Phelesia Aliikataa Lenzi ya Matanga

Dada yangu Phelesia ndiye mpiga picha wa matanga hapa Sindo, mwaka wa kumi na moja sasa. Ana lenzi ndefu ya kumvuta mjane aliye mbali, ana flashi, stendi, na droni ya kuonyesha wingi wa waombolezaji. Watu wakimwona na begi lile barabarani huuliza nani amekufa.

Desemba iliyopita aliamua kwenda likizo, ya kwanza maishani mwake, kwa mama yetu kisiwani Mfangano. Nilikuwepo akifunga begi. Mumewe, Willis, alikuwa akimsaidia, yaani akimharibia. Willis akiingiza lenzi ndefu, Phelesia anaitoa. Akiingiza droni, inatoka.

"Min Cate, Desemba kule hakukosi matanga," Willis akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Utapata kazi mbili tatu."

"Naenda likizo. Wakitaka kufa, wangoje nirudi."

"Basi beba flashi peke yake."

"Sibebi!"

Akachukua kamera na lenzi moja fupi, ile isiyovuta kitu. Ukitaka uso wa mtu kwa lenzi hiyo, lazima umsogelee mpaka usikie anavyopumua. Willis hakuelewa, ila mimi nilijua. Baba yetu alipofariki, picha iliyowekwa juu ya jeneza ilitolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka uso ukawa ukungu. Mganga hajigangi, watu walisema, na dada aliwasikia. Sasa Mama ana miaka themanini na mbili, na picha yake pia hatukuwa nayo.

Mimi na yeye tulifika Mfangano Alhamisi. Kesho yake asubuhi Mama alikuwa akianika omena, visamaki vya ziwani, Phelesia akatoa kamera. Mama akasimama wima.

"Kumbe umekuja kunipima! Mimi najua kazi yako. Wale wote umepiga picha wako chini ya udongo."

"Mama, hao nilipata wameshakufa."

"Ndiyo nasema. Mimi bado!"

Mimi nilicheka. Phelesia hakucheka, akashusha kamera.

"Baba alienda na sina sura yake," akasema. "Siku hizi hata nikifunga macho simwoni vizuri. Hii si picha ya matanga, Mama. Ni yangu."

Risper, jirani wa Mama aliyesikia habari ya picha, akaja mbio na gauni la Mama la kanisani na kiti.

"Rudisha," Mama akamwambia. "Hilo gauni ni la kuonwa na watu. Huyu amesema picha ni yake."

Akabaki na leso yake ya kazi, mikono imejaa magamba ya omena. Tangu tuzaliwe, Mama akicheka huziba mdomo, kwa sababu aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi, na vijana wa kanisa waliwahi kumcheka. Safari hii hakuziba. Alipanua mdomo, pengo lote likaonekana, akamcheka binti yake usoni. Phelesia akasogea mpaka ikabaki hatua moja tu kati yao, akapiga.

Mama aliitazama picha kwenye kioo cha kamera mpaka omena zikaanza kuliwa na kuku.

"Siku nikienda, weka hii hii juu ya sanduku," akasema. "Na kama mchungaji ataona aibu, afunge macho. Si tutakuwa tunaomba?"