Blasi, Gerardi na Namba Nne

Miaka ishirini na miwili Mama Mvuke alikaa upande huu wa kidirisha, na madaktari upande ule. Kidirisha chenyewe hakiwezi kumpitisha paka aliyeshiba. Upande wake kulikuwa na mtungi mkubwa wa mvuke wa kutakasia vyombo, sinki mbili, meza ya chuma, na rafu ndefu yenye trei nane zilizofungwa kitambaa cha kijani. Upande ule ni chumba cha upasuaji. Kengele ikilia, anafungua, anatajiwa trei, anaitoa, anafunga. Ukiitazama kazi hiyo kwa mbali utasema hata kuku akifundishwa ataiweza. Wengi walisema hivyo, mpaka walipopewa waishike asubuhi moja.

Jina lake alipewa kwa ajili ya mtungi ule, na pia kwa sababu akikasirika hutoa sauti ileile.

Trei nazo zilibatizwa zamani. Sista wa kwanza kukitunza chumba kile, mwanamke mfupi aliyetembea kama anafukuzwa na nyuki, aliipa kila trei mtakatifu wake. Trei ya koo ikawa Blasi, maana inasimuliwa kwamba alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ya meno ikawa Apolonia, ambaye meno yake yaling'olewa na watesi wake. Ya mifupa ikawa Yosefu, fundi seremala, kwani ukiifungua unakuta msumeno, nyundo na patasi. Gerardi akapewa akina mama wanaojifungua, Luka aliyekuwa daktari mwenyewe akapewa tumbo, na Lusia macho. Sista akawapanga rafuni kwa sikukuu zao, kutoka kushoto kwenda kulia, Blasi wa mwanzoni mwa Februari mbele kabisa, Lusia wa Desemba nyuma. Hivyo ndivyo alivyomfundisha Mama Mvuke, wakati huo akiwa mwanamke wa kufua mashuka, cheti cha darasa la saba kimekunjwa mfukoni na mikono imechubuka kwa sabuni.

Masista walipoondoka, vyombo viliendelea kuja ila watakatifu hawakuja tena. Basi wafanyakazi wakajichukulia mahali pengine. Trei ya kukatia plasta ikaitwa Chui Mweupe, mwanamieleka wa filamu aliyekuwa akiwavunja watu mikono kila Jumamosi kwenye televisheni ya wagonjwa wa nje. Ya masikio ikaitwa Bibi Kinanda, mwimbaji wa redio ambaye sauti yake, alivyodai fundi umeme wa hospitali, inazibua sikio bila dawa. Hao hawakuwa na sikukuu, wakawekwa mwisho.

Majina hayakukaa hospitalini. Koleo la meno lilipozeeka lilipewa karakana, na mafundi wakaanza kuita kila koleo apolonia. Jina likatoka getini, likaingia mitaani. Mumewe Mama Mvuke, dereva mstaafu, hana habari kwamba kuna mtakatifu wa jina hilo. Anachojua ni kwamba nati ya betri haifunguki bila apolonia. Wajukuu nao wakitaka mkasi mnene wa jikoni wanaulizia chui mweupe, na yule mwanamieleka hawajamwona hata kwenye picha.

Ndipo akaja msimamizi mpya. Kijana nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na mambo yake yote yana namba: vitanda, funguo, mifagio, mpaka ndoo za chooni. Wakamwita Bwana Namba kabla hajamaliza wiki. Alipomsikia daktari akiomba Gerardi, alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha. Akasema hapa si kanisani wala si sinema. Wakaguzi kutoka makao makuu wangefika Jumatano, na kama wangesikia jina hata moja la mtakatifu au la mwanamieleka likitoka kwenye kidirisha kile, Mama Mvuke angerudi alikotoka.

"Kule kwenye mashuka," alisema. "Mikono yako bado inaikumbuka sabuni, mama."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma. Mama Mvuke magoti yake yalikuwa yameshakataa kuchuchumaa hata kwa kuokota kijiko, sembuse kukaa na mabeseni kutwa. Halafu kuna jambo lingine ambalo hakumwambia mtu: upande huu wa kidirisha ndipo mahali pekee duniani ambapo watu waliosoma walimwomba kitu na kumngoja akitoe. Akajibu, "Sawa, bosi." Akajiapiza kwamba hadi Jumatano ipite, kinywa chake hakitamtaja hata malaika.

Jumatatu Bwana Namba akamletea karatasi ya stika, moja hadi nane.

"Bandika kwa mpangilio. Mpangilio si unaujua?"

Aliujua, tena sana. Akaanzia kushoto, alikoanzia sista: Blasi moja, Apolonia mbili, Yosefu tatu, Gerardi nne, Luka tano, Lusia sita, kisha Chui Mweupe na Bibi Kinanda. Alibandika kwa makini, ulimi nje kidogo, stika zikanyooka kama askari.

Bwana Namba naye alikuwa na mpangilio wake, aliokwisha kuubandika ukutani ndani ya chumba cha upasuaji. Yeye alimpanga mgonjwa kuanzia kichwani kwenda chini: macho, masikio, meno, koo, tumbo, uzazi, mifupa, plasta. Nakala ya upande wa Mama Mvuke aliiahidi, na ikabaki kuwa ahadi. Kila mmoja akaamini mpangilio uliomo kichwani mwake ndio uliomo vichwani mwa watu wote. Na lililowaponza zaidi ni Luka. Kwa sikukuu Luka ni wa tano, na kwa mwili tumbo nalo ni la tano. Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku za upasuaji wa tumbo tu. Namba tano iliombwa, namba tano ikatoka, kila mtu akaona mambo yanakwenda kama maji.

Muuguzi wa upande wa pili alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pili. Binti mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikuwa katika mwezi wa tano wa majaribio. Amebakiza mmoja athibitishwe kazini. Zamani aliwahi kumuuliza mama mkwe wake kama hao watakatifu wake wana ruhusa ya mwaka.

"Hawana," Mama Mvuke alimjibu. "Na hawaombi udhuru kila kukiwa na harusi. Jifunze kwao."

Jumatano wakaguzi walikuja wawili. Mwanamume mwenye saa ya kupimia muda, na mama wa makamo aliyevaa miwani, ambaye hakusema kitu bali aliandika, na kwa hiyo ndiye aliyetisha. Walisimama nyuma ya Mama Mvuke, Bwana Namba katikati yao akitabasamu kama bwana harusi. Chumba kilinuka mvuke na kitambaa kilichochemka. Ratiba ilionyesha tumbo, saa nne kamili.

Saa nne kasorobo wakasikia miguu ukumbini. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na Mama Mvuke aligeuka akaona mama mmoja kijana anapita mbio na mtoto begani, kiatu kimoja hana. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi. Kila akivuta pumzi kilisikika kitu kama filimbi iliyozibwa. Mhudumu aliyewafuata alikuwa akisema kwa wote wanaouliza: kameza kifuniko cha kalamu.

Milango ya upasuaji ikapigwa. Kengele ikalia. Mama Mvuke akafungua, na macho ya mkwewe yakaonekana juu ya barakoa, hayana utani hata chembe.

"Namba nne. Haraka, Mama."

Mkono wake ulikuwa umeshafika. Akaishika trei yenye nne, akaisukuma, mkwewe akaipokea, kidirisha kikafungwa.

"Sekunde sita," alisema mkaguzi wa saa, na Bwana Namba akashusha pumzi. Mama wa miwani akaandika.

Ila mikono ya Mama Mvuke ilikuwa imeshajua kabla ya kichwa. Trei ile ilikuwa nzito. Blasi ni mwepesi, unaweza kumbeba kwa vidole vitatu. Ndani mna taa ndogo na koleo refu jembamba lililopinda shingo. Huyu aliyeondoka alimvuta bega. Akaitazama rafu. Pengo lilikuwa mahali pa nne, pa Gerardi, na pale mwanzoni kabisa Blasi alikuwa amekaa na kitambaa chake cha kijani, na stika yake ya moja iliyonyooka.

Kule ndani, wakati huohuo, mkwewe alikuwa akifungua makoleo ya uzazi mbele ya koo la mtoto wa miaka mitatu.

Nyuma yake Bwana Namba alikuwa ameshaanza kuwaelekeza wageni chumba kinachofuata. Hatua mbili zaidi na wangekuwa wametoka, sekunde sita zimeandikwa, na yeye amefaulu. Kwa ndani wangegundua wenyewe, wangepiga kengele, angetoa nyingine, nani angejua. Mambo hayo yalimpitia yote, tusimfanye malaika. Yalimpitia kwa muda wa kumeza mate. Na mtoto kule ndani hakuwa na huo muda.

Kengele hupigwa kutoka ndani tu. Upande wake haina kitufe. Akachukua nyundo ndogo ya kufungulia mtungi, akagonga kidirisha mara tatu, akakifungua bila kengele kulia, jambo ambalo kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulifanya.

"Daktari, nimekosea. Huyo ni Gerardi. Blasi yuko huku."

Daktari mzee hakugeuka, hakuuliza namba. Alisema neno moja, "Blasi," akanyoosha mkono nyuma, na mkwewe akaivuta trei kidirishani.

Hakuna aliyekifunga. Wote wanne wakabaki wanasikiliza: Mama Mvuke, Bwana Namba na wakaguzi wawili, kama watu waliosimama kwenye redio ya jirani. Filimbi ilikuwa imekoma. Chuma kiligusa chuma. Daktari aliomba mwanga usogezwe. Akaomba tena. Mkaguzi wa saa alikuwa bado ameishika saa yake, lakini alikuwa ameiinamisha isimtazame. Kisha kitu kidogo kikaanguka kwenye bakuli la chuma, ting, na baada yake kimya, na baada ya kimya mtoto akakohoa, akalia kilio kibaya, kikavu, cha hasira. Mama Mvuke akaishika meza kwa mikono miwili.

Bwana Namba ndiye aliyetangulia kusema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa. Akawaeleza wageni kwamba orodha yake haina kosa, iko ukutani wanaweza kuiona. Bila shaka muuguzi alichanganyikiwa akataja namba siyo. Ni mgeni, bado yuko kwenye majaribio, suala lake litashughulikiwa.

Macho ya mkwewe yalikuwa kidirishani. Barakoa ilikuwa ikiingia na kutoka.

"Kataja sawa," alisema Mama Mvuke. "Aliomba nne ya ukutani, mimi nikampa nne ya rafuni. Nilibandika kwa sikukuu zao. Blasi ni wa Februari, akapata moja. Muuguzi hana kosa lolote. Kosa ni langu, na nakala niliyoahidiwa haijafika mpaka leo."

Mama wa miwani akaacha kuandika. Akaja kwenye rafu, akaomba aelezwe moja baada ya nyingine. Mama Mvuke akamtajia wote sita na siku zao, akamtajia na Chui Mweupe na Bibi Kinanda, kwani kama ni mashukani alijiona ameshafika, ya nini kuficha. Alipomaliza, mkaguzi akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na siku ambayo wewe hupo, mama? Ukiumwa kichwa tu. Mtoto wa siku hiyo atasaidiwa na nani?"

Miaka yote Mama Mvuke alijivuna kwamba rafu ile iko kichwani mwake. Hakuwahi kujiuliza kwa nini haipo kichwani mwa mtu mwingine.

Barua ikaja Ijumaa. Aliisomea sinkini, pole pole, kidole kikifuata mstari. Onyo. Atabaki kwenye kidirisha, kwa sharti moja: ndani ya mwezi huo awepo mtu wa pili anayeijua rafu kama yeye, na kila trei iwe na namba ya ukutani na jina lake, vyote viwili. Bwana Namba naye alipata barua yake. Hakumwonyesha mtu, ila mchana ule nakala ya orodha ilifika, imewekwa ndani ya plastiki, na aliyeileta ni yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, Mama Mvuke alimketisha mkwewe kwenye kiti cha chuma, akamfunga macho kwa kitambaa cha kijani, akamwekea trei mapajani.

"Huyu nani?"

"Mzito huyu. Yosefu?"

"Yosefu anagongana ndani ukimtikisa. Huyu katulia."

"Gerardi."

"Namba yake?"

"Sita. Mama, na wewe nikufunge macho, unitajie namba?"

"Funga. Lakini usinikaze, kichwa changu si mtungi."

Wakabadilishana. Mama Mvuke akapakata ya kwanza, nyepesi, akaijua hata kabla haijatulia mapajani. Blasi. Namba ikamkatalia. Akaipima mkononi, akakunja uso chini ya kitambaa, na mkwewe akamngoja.

"Nne," akasema mwishowe. "Leta nyingine."