Barua Iliyosema Ngoja

Pantaleo alikuwa karani wa mizani kwenye mashine ya kukobolea mpunga hapo Ifakara, na kwa miaka sita hakuna gunia lililopita mbele yake bila kuandikwa. Lakini mwenyewe alitaka zaidi ya mizani. Alitaka kwenda chuo cha biashara Dar es Salaam, arudi awe katibu wa chama cha wakulima. Mwaka huo wa 1956 ndio ulikuwa wa mwisho kwake, maana chuo hakikupokea mtu aliyevuka miaka ishirini na mitano, naye alikuwa anaimalizia.

Mwezi wa pili barua ikaja kwa anwani ya misheni. Hawakumkubali, hawakumkataa. Uamuzi umeahirishwa hadi mwezi wa sita, walisema, kwa kuwa waombaji ni wengi na nafasi chache. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: akiwa na habari mpya za kazi au masomo yake, zitapokelewa kwa furaha.

Mkewe Eufrasia alisomewa huku anapepeta mchele. "Sasa unangoja nini, Baba Fridolin? Waandikie. Waambie bado unawataka. Waambie umepewa ghala pia, unasimamia watu kumi!"

Kweli alikuwa amepewa ghala, wiki mbili tu baada ya kutuma maombi. Lakini Pantaleo hakuwa mtu wa kukata shauri kabla hajamwona mjomba wake, Mzee Kelestini wa Idete. Mzee huyo alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za upande ule zilipita mdomoni mwake, na hakuchoka kukukumbusha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lete maneno."

Alisomewa barua mara mbili, akatabasamu. "Hii naijua. Wakwe wakisema watatafakari, mposaji anarudi kwao, anakaa kimya mpaka aitwe. Ukibisha hodi kabla hujaitwa, watasema huyu ana njaa, huyu hana adabu. Binti unamkosa."

"Lakini wanasema nikiwa na habari mpya..."

"Hiyo ni heshima yao tu. Hata mama mkwe husema karibu tena. Wewe utakwenda kesho yake?"

Pantaleo akacheka, akaridhika. Tena aliridhika upesi mno, maana tuseme ukweli, alikuwa anaogopa kuandika akajibiwa vibaya. Mwoga akishapewa sababu yenye heshima, nani atamtoa hapo?

Eufrasia aliposikia alikuja juu. "Mjomba wako ameshaposa vyuo vingapi?" Pantaleo akamwambia asimkosee mzee adabu. Siku tatu hawakusemeshana.

Mvua zikaja, mto ukafurika, na Eufrasia akahamia shambani na mtoto kuamia ndege kwenye mpunga. Pantaleo akabaki mjini na wasiwasi wake. Mara mbili alikaa na kalamu, akaandika "Bwana Mkuu wa Chuo", akajiona mposaji anayechungulia uani kwa wakwe, akachana karatasi. Kila Jumapili baada ya misa alipita ofisini kwa Bruda Raimundi, mpokea barua wa misheni, ambaye alitikisa kichwa kabla hata hajaulizwa.

Katikati ya mwezi wa sita barua ikafika. Aliisoma amesimama mlangoni kwa Bruda, akaisoma tena, akapanda baiskeli moja kwa moja hadi Idete.

"Wameita?" Mzee Kelestini aliuliza kwa furaha, hata salamu hakuingoja.

Pantaleo akaifungua, akamsomea. Watu wawili walikuwa wameahirishwa, na nafasi ilikuwa moja. Mwenzake aliandika mara mbili, akaeleza kazi yake mpya. "Kwako hatukusikia neno lolote," alisoma, "tukaona huna nia tena."

"Maana yake nini?"

"Walikuwa wananingoja mimi, mjomba."

"Wakungoje wewe?" Mzee alishangaa kweli. "Lakini sisi ndio tuliokwenda kuposa!"

Pantaleo alitaka kumfokea. Akamtazama mzee huyo ambaye hakuwahi kumtakia ila mema, hasira ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Kalamu alikuwa nayo yeye, na ghala alipewa yeye.

"Kesho nakwenda shambani," alisema. "Nitamwambia nini Mama Fridolin?"