Mstari Mweupe Ubavuni mwa Mashua

Uvumilivu uliniishia asubuhi moja ya masika, pale kivukoni Magogoni, mwanangu Zuhura nikiwa nimembeba mgongoni. Mashua ya kuvusha mizigo ilikuwa imetoka kupakwa rangi upya. Nilipoinama kuikagua, nikaona mstari mweupe wa ubavuni umepanda kiganja kizima.

"Nani kapandisha mstari?"

Fundi wa rangi hakuniangalia. "Bwana Msimamizi kasema. Ati ule wa zamani ulikuwa unawahi mno kulowa, shemeji."

Watu huandika kumbukumbu za kazi wakiwa na mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na mwanangu hajaota jino. Lakini kazi imeshanitoka, kwa hiyo naandika sasa, kwa ajili ya wasichana walioko shuleni ambao huenda nao wakawa makarani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipangwa kwenye mizani ya soko la Kariakoo. Mkuu wa Mizani alikuwa mzee mkavu, hacheki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma sekondari, nasikia. Kwa nini meli ya chuma inaelea na msumari unazama?"

Nikaanza kumwaga ya darasani.

"Sikutaka wimbo, binti. Nionyeshe."

Sikuweza. Akajaza sufuria maji mpaka mdomoni, akaiweka juu ya sinia kavu. Akatia bakuli la bati lenye mchele, likaelea, na maji yakamwagikia siniani. Akayapima maji yale. Kisha akapima bakuli na mchele wake. Mizani ikasimama palepale.

"Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawasawa na wake," akasema. "Msumari hauna tumbo. Maji unayoyasukuma ni machache kuliko uzito wake, ndiyo maana unakwenda chini. Meli ina tumbo pana, lina hewa. Ukiongeza mzigo inashuka, inasukuma maji zaidi, mpaka uzito ulingane. Tumbo likiisha, imekwisha."

Nilikaa naye mwaka mzima, kisha nikahamishiwa Magogoni kuwa karani wa shehena, yaani mwandishi wa mizigo inayopakiwa. Huko nikakuta mashua yenyewe ni mizani. Mstari mweupe umechorwa pale maji yanapofika chombo kikiwa na mzigo wake wa halali. Ubao unaobaki kutoka mstarini hadi ukingoni ni akiba. Wimbi likija, mashua hudidimia kidogo, husukuma maji zaidi, huinuka. Ukiijaza akiba ile magunia, wimbi litaingia ndani.

Kwa Bwana Msimamizi wa Kivuko, hesabu ilikuwa magunia arobaini ya mkaa, kiangazi na masika. Lakini mkaa ukinyeshewa hunywa maji. Gunia ni lile lile, uzito si ule ule. Masika yale mstari ulizama tukiwa tumepakia thelathini tu huko Kigamboni, ng'ambo ya maji, nami kila siku nikawa nasimamisha upakiaji. Makuli wananung'unika, wachuuzi wananitukana, Bwana Msimamizi ananiambia nisubiri, atafikiria. Nilisubiri wiki tatu. Alichofikiria ndicho hicho: kupaka rangi.

Na juu ya magunia yale huketi watu. Mama yangu anaishi Kigamboni. Kila asubuhi anavuka na mihogo yake ya kuuza Kariakoo, na jioni mimi na Zuhura tunavuka naye kurudi.

Asubuhi ile ya rangi mpya nikaingia ofisini kwake na beseni la kufulia lenye maji na kibakuli. Nikachora mstari kwa mkaa karibu kabisa na ukingo wa kibakuli, nikakipakia kokoto mpaka mstari ukagusa maji. Nikatikisa beseni kwa kidole kimoja. Kibakuli kikazama.

Makuli waliokuwa mlangoni wakasogea kutazama kokoto chini ya maji. Bwana Msimamizi akacheka peke yake.

"Mama Zuhura, umeniletea vyombo vya jikoni? Umeajiriwa kuandika. Andika arobaini, tia sahihi."

"Maji hayasomi rangi, bwana. Sitii sahihi."

"Basi kazi huna. Nenda kanyonyeshe."

Nikaenda. Mashua ikaondoka bila sahihi yangu kwenda Kigamboni kupakia arobaini. Ikirudi, katikati ya mlango wa bandari meli ikapita, wimbi lake likaingia juu ya ukingo. Walitupa mkaa baharini, wakachota maji kwa makopo mpaka wakafika. Mama yangu alishuka amelowa hadi kifuani, mihogo hana. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kesho nayo itapakiwa hivi hivi?"

Nikaketi gatini, nikamnyonyesha mtoto, nikaandika:

*Kwa Bwana Mkuu wa Bandari. Mimi, niliyekuwa karani wa shehena hapo Magogoni, nalalamika rasmi kwamba Msimamizi wa Kivuko amepandisha mstari wa mzigo bila chombo kuongezwa ubao hata mmoja. Leo mashua imeingiwa na maji ikiwa na abiria. Siombi kurudishwa kazini. Naomba mstari urudishwe chini kabla ya upakiaji wa kesho, na mzigo upimwe kwa mstari, si kwa idadi ya magunia. Ukiwa na shaka, nina beseni, nitakuja kukuonyesha. Mama yangu hana njia nyingine ya kufika sokoni. Atavuka asubuhi.*