Mpe Kigoda Mzee

Juzi nilikwenda Babati kwenye harusi ya mtoto wa dada, na kabla watu hawajajaa ukumbini nikachukua bajaji mpaka Nakwa, nikalitazame ziwa. Palipokuwa na nyumba ya Bibi sasa pana ukuta na geti jeusi, na mbwa mwenye kelele nyuma yake. Nikasimama pale na viatu vyangu vya harusi, naona kipande tu cha maji pembeni mwa ukuta. Mara kule chini kikaguna kitu, mguno ule mzito unaokatikakatika, na mguu wangu wa kushoto ukakakamaa. Usinicheke, ndugu yangu. Ngoja nikuambie.

Miaka ile mkoa wetu ndiyo kwanza ulikuwa umekatwa kutoka Arusha, na Babati nzima ilikuwa inajengwa. Malori ya mchanga yalipita kutwa, na sisi watoto tukitoka shule tuliyadandia. Nilikuwa msichana na nilidandia kuliko wavulana. Siku moja lori likaruka shimo, mimi nikabaki hewani, lenyewe likaenda zake. Hospitali wakanifunga plasta ngumu, ile tuliyoiita hogo, kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Mama alikuwa na meza yake ya nyanya sokoni, hakuwa na mtu wa kushinda na mimi nyumbani, kwa hiyo nikapakiwa kwenye mkokoteni wa punda nikapelekwa kwa Bibi.

Asubuhi jirani fundi baiskeli alininyanyua kitandani kabla hajaenda kazini, akaniweka barazani kwenye mkeka, na hapo ndipo nilipokaa mpaka arudi jioni. Bibi hakuweza kuninyanyua. Alikuwa mwembamba, na mimi na hogo langu tulikuwa mzigo wa mwanaume. Sijui kama umewahi kukaa hivyo. Inzi akitua kwenye kidole cha mguu, unamtazama tu. Kuku wanapita juu yako kwenda jikoni na hakuna anayekuogopa. Ndani ya hogo kuliwasha, nikajikuna kwa njiti ya fagio, njiti ikakatikia humo humo, nikalia kwa hasira.

Basi nikawa mtu wa kutazama. Mbele ya baraza kulikuwa na njia ya kuteremkia ziwani. Kushoto kwake bustani ya Bibi ya mchicha na maboga, halafu matete, halafu maji. Nilijua yangeyange gani ana kawaida ya kumfuata ng'ombe gani. Nilimjua ndege mdiria aliyekaa kwenye mti wa kuanikia nyavu, akijirusha majini na kurudi na kidagaa. Na niliwajua wale wakubwa, migongo na masikio, wanaozama hapa na kuibukia pale.

Bibi hakukubali tuwaite viboko. Kwao walifundishwa kwamba ukimtaja, anasikia, na akisikia anakuja kuuliza umemwitia nini. Aliwaita wazee. Akinipa uji aliniuliza wazee wameamkaje, nami nikampa habari zao: mmoja amepiga miayo, mwingine ana mtoto mgongoni. Bibi alifurahi sana. Alisema sasa nina kazi, na mtu mwenye kazi si mgonjwa.

Sasa, alikuwepo na mzee mwingine, huyu wa miguu miwili, shemeji yake Bibi aliyekaa jirani. Alikuja kila alasiri kunywa chai, na alikunywa mpaka birika likageuzwa kichwa chini. Bibi alimlalamikia akiondoka, na akichelewa alimuulizia.

Siku ninayotaka kukuambia ilikuwa ya mawingu na manyunyu, baridi ya Babati ile ya kutia usingizi. Bibi aliniachia bakuli la makande akateremka bustanini kuchuma mchicha. Nilikula taratibu nikitazama mvua inavyochora majini. Ilikuwa siku nzuri. Kwa mara ya kwanza tangu nivunjike nilikuwa nimeusahau mguu.

Matete yakafunguka. Akatoka mmoja, mchana kweupe, kwa kuwa hapakuwa na jua la kumchoma. Majini nilikuwa nimezoea kuona masikio tu. Sikujua kwamba chini ya masikio yale kuna gari zima. Akaja kwenye njia. Bibi alikuwa ameinama bustanini, mgongo wake huku, khanga kichwani.

"Bibi!" nikaita. "Mzee anakuja!"

Hakugeuka hata kidogo.

"Mpe kigoda akae!" akasema. "Mwambie chai bado."

Nikaita tena, mzee anakuja, mzee huyo Bibi, na yeye huko anaguna kwamba leo mzee kawahi, ana njaa gani huyo. Jamani! Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni na niliogopa kulitoa. Nilijaribu kusimama. Hogo likagonga sakafu, nikaanguka kifudifudi, nikabaki pale kidevu kwenye mkeka naona yote. Sijawahi kujiona si kitu namna ile. Ndipo nikapiga kelele, "Kiboko!"

Bibi akanyooka. Akamwona, akaniona. Upande wake kulikuwa na uchochoro wa kwenda kwa jirani, hatua chache tu, na yule mnyama alikuwa anakuja kwangu, si kwake. Nikamwambia kimbia Bibi. Yeye akaacha ungo wa mchicha, akazunguka nyuma ya jiko polepole bila kukimbia, akatokea barazani. Akanishika kwapani akavuta. Sikusogea. Akavuta tena, nikasikia pumzi yake inavyokwisha.

"Niache, Bibi. Kimbia."

"Nikimbie na nani?" akasema.

Akaketi. Akavua khanga ya kichwani akalifunika hogo langu, maana lilikuwa linang'aa kwa weupe, akaniegemeza kichwa mapajani mwake. Yule akafika mbele ya baraza, karibu kiasi cha kusikia harufu yake ya tope na majani, akasimama. Bibi akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mzee." Nami nikasema shikamoo. Hatukuwa na kingine cha kufanya.

Alisimama kitambo. Halafu akageuka akaingia bustanini, akala maboga ya Bibi yote, kwa utulivu kabisa, na kurudi majini akiwa amekanyaga ungo.

Shemeji alipofika kuuliza chai, Bibi alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma hata kicheko kilipoisha. Mzee wa watu hakujua amekosa nini.

Bibi hayupo siku hizi, na kiwanja kiliuzwa. Mguu ulipona, natembea, nacheza hata harusini. Lakini maradhi nayo yameanza kunilaza kitandani mara moja moja, na nikilala simu zinaita. Wananiambia nijikaze, nisikate tamaa, wananitumia hela ya dawa, na Mungu awabariki, wananipenda. Ila sijaona tena mtu mwenye miguu yake mizima, na njia ya kuondokea iko wazi, akaja akaketi chini karibu yangu kwa sababu tu mimi nimeshindwa kunyanyuka.