Neno Lililotaka Kuvunja Posa

Nakumbuka siku baba yako alipokuja kuniposa kwetu Mtinko, mwanangu, na neno moja likataka kunikosesha mume.

Alikuwa utingo wa lori pale Mkiwa, kijana wa suruali pana chini na maneno ya barabarani. Siku ya posa msemaji ni mshenga. Mposaji huketi kimya akitazama chini. Babu yako aliwapokea vizuri tu: "Olraiti, karibuni mkae." Wakampa shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia yule kijana.

"Safari yenu?"

"Fiti tu, mzee."

Jamani! Nilikuwa nyuma ya mlango na kibuyu cha togwa mkononi. Babu yako akasimama. "Fiti ndiyo nini? Binti yangu haendi kwa wahuni!" Mshenga akaanza kuomba radhi, nami nilishaanza kulia, maana nilimpenda, na sioni haya kukuambia.

Ndipo shangazi yangu, dada mkubwa wa babu yako, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "We! Uliporudi kutoka kazi ya reli Manyoni, nani alikuwa na 'olraiti' asubuhi na jioni? Marehemu baba si alikufukuza mezani kwa neno hilo hilo, akisema ni la walevi wa stesheni? Leo umewakaribishia nalo wakwe."

Babu yako akaketi, huku akizuia tabasamu. "Haya," akasema, "olraiti. Mshenga, endelea."

Basi jana nilipomsikia baba yako akikufokea kwa kumjibu 'freshi', nilikimbilia jikoni nicheke. Mwenye fiti ndiye huyo! Dada yako mwalimu ananiambia hata Waingereza wenyewe ni hivyo hivyo: mababu zao wa kale wakifufuka leo, vijana wakaongea, hawataambulia hata neno moja.

Mwanangu, sema maneno ya rika lako, nayo yatazeeka kama wewe. Ila shikamoo itangulie, hiyo haijawahi kupitwa na wakati. Na baba yako usimwone mkali. Anaogopa tu kuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Msilale mmenuniana. Nenda kampe shikamoo, kisha mwulize kama yuko fiti.

Mungu akuweke mpaka wanao waseme usichokielewa, nawe ucheke kabla hujafoka.